Kiti Alichokiacha Hatibu Uweso

Hatibu Uweso alikuwa hawezi kukaa. Wenzake wakiwa mkekani wanakunywa kahawa, yeye ya kwake aliinywa huku akizunguka ua, kikombe mkononi. Mara atazame barabara ya Muheza, mara aulize swali, na kabla hajajibiwa ameshauliza jingine. Shangazi yake, Bi Mwanamkasi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alisema mtoto huyu alizaliwa na siafu miguuni na mkunga akashindwa kuwatoa.

Alipata kuwa karani bomani Pangani, akaacha. Akafanya biashara ya mbata, zile nazi zilizokaushwa, akaichoka, akairudia. Baba yake alipokufa alimwachia shamba la minazi pale Mwera, upande wa mtoni, pamoja na wakwezi waliokuwa wakiliangua miaka yote. Baraza la Mwera lilipoundwa, wazee walimpa uenyekiti kwa sababu anajua Kiingereza, na pia kwa sababu walichoka kumsikia akiwakatiza kutoka nyuma. Kisha, mwaka wa hamsini na tano, viti vya Waafrika vilipoongezwa katika Baraza la Kutunga Sheria kule Daresalaamu, Gavana akamteua. Watu wa Mwera walilipa baraza hilo jina la Baraza Kuu, ili lisichanganywe na la kwao.

Mwaka wa kwanza hakusema mengi. Aliuliza habari za kivuko cha Pangani, akajibiwa kuwa serikali inalitazama jambo hilo, akakaa chini. Alirudi nyumbani na aibu ambayo hakuna aliyemtia ila yeye mwenyewe. Mkewe, Asmahani, alimkuta chumbani akimhutubia kioo kwa Kiingereza.

"Hicho kioo kinakujibu?" alimuuliza.

"Kinajibu kuliko wao."

Mwaka uliofuata ulikuja mswada wa mambo ya kazi, na hapo ndipo Hatibu alipopata sauti. Alikuwa amepita mashamba ya mkonge tangu Muheza mpaka Tanga. Amewaona manamba, wale vibarua walioletwa kutoka bara kwa mkataba, jinsi wanavyochaguliwa na msimamizi mtu wa kuwasemea, na mtu mwenyewe huwa ni mnyapara yule yule anayewapigia kelele alfajiri. Alisimama katika Baraza Kuu, akasema kila shamba kubwa liwe na kamati ya wafanyakazi, na kamati hiyo waichague wafanyakazi wenyewe.

"Mtu aliyemwaga jasho mahali miaka kumi," alisema, "mahali hapo pamekwisha mjua. Waliobaki kumjua ni sisi."

Mjumbe mmoja Mzungu, mwenye mashamba, alisimama akauliza kwa upole kama mheshimiwa naye ana wafanyakazi.

"Nina minazi michache ya marehemu baba," Hatibu alijibu. Watu wakacheka, na yeye akacheka.

Siku ya pili yake ulijadiliwa mswada wa mabaraza ya wilaya na vijiji. Hapo alisema kwa ukali zaidi. Alitaka baraza la wenyeji likikata shauri, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, asiwe na ruhusa ya kulifuta kwa barua yake. "Ama mtuachie tutawale mambo yetu, tukosee na tujirekebishe, ama mtuambie kwamba baraza ni mchezo wa watoto." Wajumbe Waafrika waligonga meza. Hotuba zote mbili zilitoka katika gazeti la Kiswahili, na Hatibu akapanda gari la moshi hadi Morogoro, kisha basi, akiwa na nakala kadhaa kwenye mkoba.

Muheza, basi liliposimama penye wachuuzi wa machungwa, vibarua wa mkonge walimtambua. Mmoja alimshika mkono hataki kuuachia. Mwingine alimtilia machungwa mapajani kupitia dirishani, akakataa malipo. Njia nzima hadi Mwera, Hatibu hakuweza kutulia kwa furaha. Kila kilima alikiona kirefu.

Alipofika nyumbani alishangaa kuona nazi zimekomaa mpaka zimekuwa rangi ya kahawia, na nyingine zimeanguka zenyewe na kulala chini ya minazi bila kuokotwa. Hapakuwa na mtu shambani. Kifuo cha kufulia nazi kilisimama peke yake.

"Wakwezi wako wapi?" alimuuliza Asmahani kabla hata ya kuvua viatu.

"Wako kwao, wamekaa. Si wako peke yako. Mwera nzima hapana aliyekwea tangu juma lililopita." Alimtazama mumewe usoni. "Wanasema wanakungoja wewe."

Hakungoja maji ya kunawa. Alitoka na vumbi lake la safari akateremka mtoni, kwenye vibanda vya wakwezi. Alimkuta Zebedayo Komba ameketi nje ya mlango wake, na mkewe Kristina anapepeta mchele. Zebedayo alikuwa Mngoni kutoka Songea. Alikuja pwani akiwa manamba, akamaliza mkataba katika mkonge, hakurudi kwao; alikuja Mwera akajifunza kukwea minazi, akawa mkuu wa wakwezi tangu enzi za mzee Uweso. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa sasa, ila akikasirika ndipo kilipokumbuka kwao.

"Zebedayo, kuna nini? Nimewapunja?"

"Karibu kwanza, bwana. Kristina, mpe kigoda."

"Sikai. Niambie."

Zebedayo aliinuka yeye. "Twende nikuonyeshe."

Walivuka kijito, wakapanda hadi kwenye uwanja wenye miti michache na majani mafupi. Hatibu alipajua. Hapo ndipo wakwezi na vibarua Wakristo walipozika wafu wao, kwa neno la mdomo la baba yake, aliyesema mwaka mmoja wa ndui kwamba mtu hawezi kuzikwa hewani. Sasa kulikuwa na vigingi vyeupe vimechomekwa toka pembe hadi pembe. Kimoja kilisimama juu ya kijilima kidogo kilichozungushiwa mawe ya pwani.

"Yudith," alisema Zebedayo. "Mwanangu wa pili. Unamkumbuka? Alikuwa akimpelekea mama yako Asmahani mchicha."

Alikusudia kusema mke wako, ulimi ukamteleza, wala Hatibu hakumsahihisha. Alikuwa anakumbuka jambo jingine. Alikumbuka mkutano wa mwisho wa baraza la Mwera kabla hajasafiri. Ajenda ilikuwa mahali pa kujenga soko. Mtu alisema, "Ng'ambo ya kijito, pale porini," na yeye, ambaye basi lilikuwa likimsubiri, alisema, "Hakuna mwenye neno? Haya, limepita." Hakuna aliyekuwa na neno, kwa sababu hakuna aliyekuwamo mle ndani mwenye maiti pale.

"Nitavitoa vigingi hivi leo hii," alisema.

"Vitoe. Kesho baraza litakaa tena vitarudi." Zebedayo alichutama akaling'oa jani karibu na yale mawe. "Bwana Hatibu, mwanangu Lea amesoma shule ya misheni. Ametusomea gazeti. Umesema mtu aliyemwaga jasho mahali, mahali pamemjua. Umesema wafanyakazi wachague mtu wao. Sasa sisi hatutaki fedha zaidi, wala hatutaki kumkosea mtu. Tunataka mtu wetu barazani. Akipatikana, tutakwea."

"Nilikuwa nasema habari za mkonge."

"Najua," Zebedayo alijibu. "Lakini mimi nakwea minazi."

*

Siku zile Hatibu alikonda. Alikuwa akitoka asubuhi kwenda kwa huyu, mchana kwa yule, na kila mwenye shamba alimpokea na lile lile: gazeti lako limetuponza. Haji Mbaruku, makamu wake barazani, mtu mnene wa maneno machache, alimwambia, "Wewe umekwenda kuwasha moto Daresalaamu ukidhani moshi utabaki huko huko."

Mkutano wa baraza ulifanyika katika ofisi ya bati, mchana, joto linapiga. Hatibu aliomba wakwezi na vibarua wapewe viti viwili. Alizungumza vizuri, alizungumza kama Daresalaamu, na huenda hilo ndilo lililomharibia. Haji Mbaruku alimwacha amalize.

"Mwenyekiti," akasema, "hawa ni watu wa kuja. Leo wapo, kesho wamekunja mikeka. Mimi nitaketi hapa nikatiwe shauri la ardhi ya babu yangu na mtu ambaye babu yake simjui alikozikwa?"

"Mwanawe unamjua alikozikwa," Hatibu alisema. "Umempigia kigingi."

Haji Mbaruku alijipangusa shingo. "Hilo ni kosa, nalikubali. Soko tulihamishe. Vigingi vitolewe. Lakini kiti, hapana."

Waliinua mikono. Soko lilihamishwa na wote. Viti vilikataliwa na wote isipokuwa Hatibu na mwalimu mmoja wa madrasa.

Alikwenda kwa Zebedayo na nusu ile ya ushindi. Zebedayo alimshukuru kwa makaburi, akamshukuru tena, kisha akasema hawatakwea. "Leo makaburi. Kesho kisima. Keshokutwa njia. Kila mara tukae chini tusubiri wewe urudi safari?"

Hatibu alitoka pale akaenda kwa shangazi yake. Bi Mwanamkasi alikuwa na minazi mingi kuliko mwanamume yeyote wa Mwera, na maneno yake yalikuwa na uzito jikoni kwa kila diwani. Akiwa naye upande wake, alifikiri, wengine watalegea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa, akasimama. Akaeleza. Bi Mwanamkasi alimsikiliza huku akisuka ukili wa mkeka, hakuinua macho.

"Kwa hiyo Zebedayo aingie barazani," alisema mwishowe.

"Naam."

"Kwa kuwa anamwaga jasho hapa."

"Naam, shangazi."

"Na mimi?" Sasa alimtazama. "Mimi minazi yangu inalipiwa ushuru kuliko ya Haji Mbaruku. Nimewazika waume wawili katika ardhi hii. Nimekulea wewe. Hujapata hata siku moja kuniuliza: shangazi, utaingia barazani? Leo unakuja kuniomba nimfungulie mlango mkwezi, nami mlango huo naupita kwa nje!"

Kati ya hotuba zote za Hatibu, hakuna mahali alipokuwa amemweka mwanamke huyu.

"Nenda zako," alisema Bi Mwanamkasi. "Nazi zikianguka, zianguke."

*

Palibaki mlango mmoja, nao ulikuwa Pangani bomani. Bwana Shauri alikuwa kijana Mwingereza aliyejua Kiswahili cha vitabuni, mwenye adabu. Alimkaribisha chai, akamsikiliza.

"Ni jambo rahisi," alisema. "Baraza limekataa bila sababu nzuri. Naweza kuandika barua leo, kulitaka liwape viti hivyo viwili. Sheria bado inaniruhusu." Alikoroga chai. "Ila nimesoma hotuba yako, Bwana Hatibu. Uliomba niondolewe ruhusa hiyo."

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana ilimchoma zaidi. Hatibu aliinuka, akaenda dirishani, akatazama mto na kivuko kikivuka na mbuzi na watu. Barua moja tu. Nazi zingeanguliwa, Zebedayo angekaa kitini, Haji Mbaruku angenuna na kunyamaza. Na safari nyingine Bwana Shauri angeandika barua ya pili, kuhusu jambo jingine, na nani angemwambia asiandike?

"Niiandike?" aliuliza yule kijana.

"Ngoja kwanza."

"Nazi zako haziwezi kungoja sana."

"Usiiandike," alisema Hatibu. Hakuaga vizuri. Kilemba chake alikisahau mezani, akarudi Mwera kichwa wazi, akitembea kwa haraka ya mtu anayekimbizwa, ingawa nyuma yake hapakuwa na kitu.

Asmahani alimkuta mbele ya nyumba akienda na kurudi. Alimvumilia kidogo, kisha akamsimamia njiani.

"Utachimba handaki. Sema."

Alisema yote: barua, Bwana Shauri, shangazi, kura. "Nimewaomba wanipe viti, wamekataa. Sina kiti cha kuwapa."

"Unacho kimoja," alisema Asmahani.

"Kipi?"

"Si unakikalia? Ingawa kukaa kwenyewe hukukai." Alisema kama mtu anayekumbusha chumvi dukani. "Wewe uliingia barazani kwa kitongoji gani?"

"Cha Mtoni."

"Na wanaokaa Mtoni ni kina nani?"

Kitongoji cha Mtoni kilikuwa na nyumba za wenyeji zisizozidi ishirini, na vibanda vya wakwezi na vibarua zaidi ya hapo. Kanuni ya baraza, ambayo Hatibu mwenyewe aliisaidia kuandikwa, ilisema diwani atachaguliwa na kila alipaye kodi ya kichwa katika kitongoji. Wakwezi walilipa kodi Mwera mwaka hadi mwaka. Hakuna sheria iliyowazuia. Ni kwamba siku ya kuchagua hakuna aliyekwenda kuwaita, na yeye Hatibu, aliyechaguliwa siku hiyo, hakuuliza mbona hawapo.

"Nikijiuzulu, mimi si mwenyekiti tena," alisema polepole.

"Hicho ndicho kiti nilichokwambia," alijibu mkewe, akaingia ndani kutazama mchuzi wake.

*

Alijiuzulu Jumatano, akiwa amesimama, kwa sentensi tatu. Haji Mbaruku alidhani ni hasira, akamwomba abaki. Alipoelewa, alipiga meza. "Umetuuza, Hatibu!"

"Sijauza. Nimetoka. Mtu wa Mtoni watamchagua watu wa Mtoni."

Uchaguzi ulifanyika uwanjani penye ofisi, kwa kupanga mstari. Wenyeji walimsimamisha Uweso Kombo, binamu yake Hatibu, kijana mzuri asiye na ila isipokuwa alikuwa ameingizwa ubishini bila kuulizwa. Wakwezi walimsimamisha Zebedayo. Safari hii karani wa baraza aliita majina ya walipakodi wote, wakwezi wakiwamo, mmoja mmoja, na kila mtu akaenda nyuma ya mtu wake. Wenyeji wengine walizomea. Hatibu alisimama mbali, akihama mguu huu na huu. Jina lake lilipoitwa alipita mbele ya ndugu zake wote, yule binamu akiwa ameinamisha macho, naye Hatibu akaenda kusimama katika mstari wa Zebedayo.

Mstari wa Zebedayo ulikuwa mrefu.

Wakwezi walikwea siku iliyofuata. Nazi nyingi zilikuwa zimeharibika, na hasara ile wenye mashamba walimwekea Hatibu moyoni. Ndugu wengine hawakuja kwake Idi ile. Bi Mwanamkasi alituma mkono wa nyama bila salamu, jambo ambalo Asmahani alisema ni nusu ya msamaha na Hatibu akasema ni nusu ya matusi. Siku moja alikwenda tena kwa shangazi yake, akamwambia, "Nimekuja kukuuliza." Bi Mwanamkasi alimjibu, "Umechelewa miaka," lakini hakumfukuza, na walizungumza hadi adhuhuri. Jina la shangazi halikuingia barazani wakati ule. Wazee walicheka tu waliposikia.

Zebedayo naye hakuwa diwani wa kumbembeleza mtu. Mkutano wake wa tatu, Hatibu alileta ombi kama raia, ili barabara ya kuelekea mtoni ipanuliwe magari ya mbata yapite. Zebedayo alilipinga, kwa kuwa barabara ingekula mashamba ya mihogo ya vibarua, na likaanguka. Hatibu alirudi nyumbani amevimba.

"Mtu niliyempa kiti changu!"

"Ulimpa au ulikiacha?" Asmahani aliuliza.

Alikwenda Daresalaamu mara moja zaidi. Mswada wa mabaraza ulikuwa umerudi ukiwa umepakwa rangi mpya, na ruhusa ya Bwana Shauri imo vile vile. Hatibu alisimama. Safari hii maneno hayakumjia kwa ule mtiririko wa kwanza. Alikuwa akisita, akirudi nyuma, akitafuta. Alisema bado anaamini baraza la watu lisifutwe kwa barua ya mtu mmoja. Kisha akasema kuwa mwaka uliopita alipotamka "sisi wenyeji" hapa hapa, hakujiuliza sisi ni nani. Akaomba sheria iseme wazi kwamba kila alipaye kodi mahali aitwe siku ya kuchagua, awe mkwezi, awe manamba, awe ametoka wapi. Na mwanamke mwenye mali yake aitwe pia. Pale penye mwanamke, baadhi ya wale waliogonga meza mwaka jana walitazama karatasi zao. Yule Mzungu mwenye mashamba hakuuliza kitu. Kura ikapigwa, mswada ukapita kama ulivyokuja.

Gavana hakumteua tena. Habari hiyo aliipata akiwa dukani anapima mbata, akamalizia kupima.

Jioni hiyo, jua bado lipo, Zebedayo alipita na panga lake la mkwezi begani, akasimama kibarazani.

"Hodi. Nasikia umesema mambo makubwa huko."

"Nimesema."

"Nao?"

"Wamesikia. Wamepitisha vile vile." Hatibu alikuwa amesimama, mikono nyuma. "Na hawatanirudisha."

Zebedayo alifikiri. Aliteremsha panga, akaliegemeza ukutani.

"Baraza letu linakaa Jumatano," alisema. "Lile ombi lako la barabara, lirudishe. Barabara ipitishe juu zaidi, kando ya mihogo, tulijadili tena. Ila hata hivyo, sikuahidi."

"Kando ya mihogo kuna bonde."

"Basi njoo useme hivyo."

Hatibu alishuka kibarazani akaanza kumwonyesha kwa mkono bonde lilipo, nao wakaenda pamoja kuteremka upande wa mtoni, wakibishana.